Mtoto Mnene wa Kambi ya Shituru

Hakuna mtoto katika kambi ile ya Shituru aliyebebwa na watu wengi kama Chérie. Wanawake waliokwenda kuteka maji walisimama mlangoni kumfinya mashavu. Barnabé, jirani mwenye baiskeli ya kubebea makala, yaani makaa ya kupikia, alimpa jina la Mama Directeur, kwa sababu, alisema, mashavu ya namna ile mtu huyaona tu kwa watoto wa wenye gari la vioo vyeusi.

Floribert, baba yake, alizipokea sifa hizo kama mshahara. Mshahara wenyewe haukuwa wa kutegemewa. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha shaba, na msimamizi aliweza kumrudisha nyumbani asubuhi yoyote bila maelezo. Nyumba aliachiwa na marehemu baba yake, aliyeletwa zamani kutoka Kasai kwa kazi ya migodi, na mabati yake yalikuwa yametobolewa na moshi wa kiwanda. Waliishi humo watu sita: yeye, mkewe Christiane, mama yake mzazi Mathilde, mtoto wa kwanza Cédrick, Chérie aliyekuwa amepita miaka miwili, na Dan aliyekuwa bado kifuani. Dan alipozaliwa, Chérie aliachishwa ziwa. Alilia siku chache, kisha akazoea bukari, ugali wa mahindi, kama watu wote, akajaa mashavu na miguu. Floribert aliona wazi kwamba hata mfuko ukiwa mwembamba, nyumba yake inashiba.

Jioni Christiane alisonga bukari juu ya mbabula, jiko la makala. Sahani ya Floribert iliwekwa mezani peke yake, na juu yake samaki. Wanawake na watoto walikula jikoni, bukari kwa mchuzi wa samaki huyo huyo. Ndivyo Mathilde alivyomlisha mumewe, na ndivyo Christiane, binti wa wavuvi wa ziwa Tshangalele, alivyoona kwa mama yake. Mwanamume anayebeba magunia kutwa nzima lazima apewe nguvu. Hakuna aliyeonewa, na hakuna aliyewahi kulifikiri jambo hilo.

Jumamosi moja kiwanda hakikumwita. Floribert akaamua kumpeleka mwenyewe Chérie kupimwa. Akina mama wa shirika, ule umoja wa familia za Kikatoliki za mtaa ule zinazosali pamoja na kusaidiana, walikuwa wakipima watoto nyumbani kwa Mama Rosalie. Rosalie alikuwa mjane mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefundishwa na wauguzi wa kituo cha afya. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza, na watoto waliingizwa humo mmoja mmoja wakipiga kelele.

Floribert alijipanga foleni kati ya wanawake, kifua mbele. Barnabé, aliyekuwa ameleta makala, alimuuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama mtoto huyu anamlisha saruji. Watu walicheka, na Floribert alicheka kuliko wote.

Mama Rosalie hakucheka. Alikuwa amemshika Chérie mguu. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Shimo likabaki. Lilikaa pale kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, na mtoto hakulia wala hakuvuta mguu. Rosalie akabonyeza mguu wa pili. Shimo jingine.

Rosalie akaushusha mguu, akamgeukia baba.

"Papa Floribert," Rosalie alisema, "jana mulikula nini?"

"Bukari na samaki."

"Na huyu mutoto?"

"Bukari. Na mchuzi ya samaki."

"Mchuzi ya samaki haiko samaki, papa. Huyu mutoto haiko munene. Haya ni maji. Iko na njaa."

Floribert alicheka tena, na safari hii alicheka peke yake. Alitaka kueleza kwamba nyumbani kwake hakuna siku inayopita bila moto kuwashwa, kwamba mtoto huyu hulala ameshiba. Lakini macho yake hayakuondoka kwenye yale mashimo mawili, ambayo yalikuwa yakijaa polepole, kama nyayo kandokando ya maji.

Muuguzi wa kituo cha afya alisema vilevile. Tumbo la mtoto lilijazwa kila siku, lakini kwa unga mtupu, na mwili ulikuwa haupati cha kujijengea. Dawa ya chakula wanayopewa watoto wa namna hiyo ilikuwa imekwisha kituoni. Kwa kuwa Chérie alikuwa bado na hamu ya kula, aliagizwa ale kila asubuhi kwenye sufuria ya Mama Rosalie na arudishwe kituoni mara kwa mara.

Sufuria hiyo ilikuwa jambo la shirika. Hakuna aliyekwenda pale na pesa. Kila mama alikwenda na alichonacho, akapikia watoto wa wote. Mmoja alileta karanga za kutwanga, mwingine matembele kutoka shamba la pamoja nyuma ya kanisa. Rosalie mwenyewe alikaanga soya, akaisaga. Ndagala, vile visamaki vidogo vikavu, vilitwangwa pamoja na vichwa vyake mpaka vikawa unga, vikamwagwa ndani ya uji. Christiane alijifunza kwamba kwa bei ya yule samaki mmoja wa mumewe angepata ndagala za kulisha nyumba nzima siku kadhaa. Alimwambia Floribert kwa uangalifu, akitazama chini. Floribert akakubali kuacha samaki wake, na alijisifu moyoni kwa kukubali upesi.

Mathilde ndiye aliyenuna. Kusikia kwamba nyumba ya mwanawe ina mtoto wa njaa kulimwingia vibaya. Majirani walikuwa wameacha kumbeba Chérie. Walipita wakisalimia kwa upole mwingi, na upole huo ulimuuma kuliko matusi.

Baada ya juma moja Chérie alipimwa tena. Uzito ulikuwa umeshuka.

Mama Rosalie alifurahi. Alimweleza Christiane kwamba ndivyo inavyotakiwa, maji hutoka kwanza, nyama hufuata. Christiane akaenda kueleza nyumbani. Lakini jioni ile Floribert alimvua Chérie gauni ili amwogeshe, akashtuka hata akarudi nyuma. Mashavu hayakuwepo. Mbavu zilihesabika. Mikono ilikuwa vijiti, na ngozi ilining'inia kama nguo ya mtu mwingine. Katika juma moja mtoto mnene wa kambi alikuwa ameyeyuka mbele yake. Alikuwa ameyasikia maneno ya maji kutoka kwanza, lakini macho yake yaliona mifupa, na aliamini macho.

Mathilde aliingia, akatazama, akafunga mlango.

"Kwetu," alisema taratibu, "mutoto akivimba kisha akauke, haiko njaa. Ni mama yake. Alikanyaga mwiko ya ndoa."

Floribert aliujua mwiko huo kama watoto wote wa Kasai wanavyoujua, kwa mbali, kama jambo la kijijini kwa mababu ambako hakuwahi kufika. Mke akitoka nje ya ndoa akaficha, adhabu humwangukia mtoto. Mpaka mke atamke, chakula kilichoguswa na mkono wake ni sumu kwa mtoto huyo. Alidhani mambo hayo yaliisha na wazee. Sasa yalikuwa yamesimama chumbani mwake, yamevaa kitenge cha mama yake.

Christiane, ambaye kwao ziwani hawana mwiko wa namna hiyo, alidhani kwanza ni mzaha. Alimtazama mama mkwe, akamtazama mume, akisubiri mmoja wao aseme basi. Badala yake Mathilde alimwomba, bila ukali, atamke jina la mwanamume huyo ili mambo yatengenezwe kwa heshima. Christiane alisema hakuna mwanamume. Mathilde akamchukua Chérie, akamwingiza chumbani kwake, akasema tangu sasa mtoto atakula kutoka mkononi mwake tu.

Alimlisha uji mweupe wa unga wa mahindi na sukari. Alimlisha kwa upendo, akimwimbia, akimpulizia kila kijiko. Na miguu ikaanza kuvimba tena. Nywele za Chérie zikawa nyepesi, zikabadilika rangi kama majani ya kiangazi. Halafu akaacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha Floribert kuliko yote. Alirudi kutoka kiwandani, akaita jina lake, na mtoto hakugeuza hata kichwa kutoka ukutani.

Mama Rosalie alikuja. Mathilde alimpokea vizuri, akampa kiti na maji ya kunywa, akamwambia kwamba shirika limefanya kazi nzuri lakini hili ni jambo la ndani. Rosalie alimtazama mtoto kutoka mlangoni. Akitoka alimkuta Floribert uani, akamwambia kwamba mtoto yule hana muda, na kwamba yeye baba akimbeba sasa hivi hadi kituoni hakuna atakayemzuia.

Ilikuwa kweli. Mathilde alikuwa mwanamke wa miaka mingi, na mlango wa chumba chake haukuwa na kufuli. Lakini Floribert hakuingia. Alizunguka nyuma ya nyumba, mahali Christiane alipokuwa akifua nepi za Dan, akasimama juu yake.

"Mama Cédrick," alisema, "kama kuko kitu, sema. Ata kama ni kitu kidogo. Sema tu, mutoto apone."

Christiane aliacha kufua. "Weye unafikiri kuko kitu?"

"Minye sijue," Floribert alisema.

Christiane alimtazama, mikono ikiwa bado ndani ya povu. Kisha akaipangusa kwenye kitenge chake, akainuka, akampita, akaingia ndani. Floribert alimfuata. Alimwona akipiga magoti mbele ya Mathilde, na alimsikia akisema kwamba ni kweli, yuko mwanamume. Dereva wa kamyoni. Alikuwa akipita tu kwenda Kolwezi. Jina hakulijua.

Floribert alishika fremu ya mlango. Alikuwa ameomba maneno hayo dakika chache kabla, na sasa yalipofika hakujua pa kuyaweka. Alijiona kama mtu aliyegonga mlango kwa adabu akafunguliwa na mnyama.

Mathilde hakukasirika. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo, akamwinua Christiane kwa mkono wake mwenyewe, akamsifu kwa kuokoa maisha ya mtoto. Kuku mweupe alitafutwa, akachinjwa mlangoni. Miguu ya Chérie ikaoshwa kwa maji ya majani. Kesho yake asubuhi na mapema Mathilde mwenyewe alimfunga mtoto mgongoni mwa mama yake, akamruhusu aende popote, kituoni, kwenye sufuria, kokote, kwa maana sasa njia ilikuwa safi.

Kituoni walimlaza. Bahati dawa zilikuwa zimefika. Aliporuhusiwa alirudi kwenye sufuria ya Mama Rosalie, na Christiane alikwenda naye kila siku, Dan kifuani, Chérie mgongoni, Cédrick akibeba matembele.

Floribert alihamia kulala sebuleni juu ya mkeka. Hakumpiga mkewe, hakumtukana. Aliacha tu kumwita kwa jina. Barabarani, magari makubwa ya shaba yaliposimama, alitazama madereva mmoja baada ya mwingine. Aliangalia jinsi wanavyokula, jinsi wanavyofuta jasho, akijaribu kumjua yule ambaye hakuwa na jina. Mmoja aliyemsalimia vizuri, akamuuliza njia, Floribert alimtazama kwa macho yaliyomfanya yule maskini awashe gari, aondoke bila kusubiri jibu.

Na Chérie akapona. Uvimbe ulishuka, mifupa ikaonekana, halafu juu ya mifupa ikaja nyama ya kweli, ngumu, isiyobonyea. Alianza kufukuza kuku. Alimng'ata Cédrick bega kwa kugombea yai, na Cédrick alikuja kushtaki huku akicheka. Floribert alisikia kelele hizo za nyumba iliyofufuka, akakaa nazo kama mgeni. Kadiri mtoto alivyopata nafuu, ndivyo kosa la mama yake lilivyozidi kuthibitika.

Siku ya kupima ilipofika tena, Floribert alipeleka gunia la makala, mchango wa akina baba. Baraza lilikuwa limejaa. Mama Rosalie alikuwa na desturi ya kumwomba mama ambaye mtoto wake amepona awaeleze waliokuja kwa mara ya kwanza. Mmoja wa hao alikuwa Hadassa, msichana aliyeolewa juzijuzi tu ukilinganisha na wengine pale, na mvulana wake alikuwa amekaa mapajani, mashavu yamejaa, macho yamelegea. Floribert aliyatambua mashavu yale. Hakuhitaji kuona kidole gumba.

Rosalie alimwita Christiane. Christiane aliinamisha kichwa, hakuinuka. Mathilde, aliyekuwa amekuja kuona mjukuu akipimwa, ndiye aliyeinuka.

Alizungumza vizuri, kwa heshima zote. Alishukuru shirika, alishukuru sufuria. Kisha akasema kwamba wasidanganyane. Sufuria ile Chérie alikula juma zima akazidi kukauka. Alianza kupona siku mama yake alipotamka aliyoyaficha. Yeyote mwenye mtoto kama huyu arudi kwanza nyumbani, akae na wakwe zake, aungame, ndipo chakula kitafanya kazi.

Watu walitazama chini. Christiane hakusogea, lakini Floribert aliona shingo yake ikibadilika rangi. Siri ya nyumba ilikuwa imetandazwa barazani kama nguo za kuanika.

Hadassa aliinuka. Alimwinua mwanawe, akamweka mgongoni, akaanza kufunga kitenge. Rosalie alimwomba akae. Hadassa alijibu kwa sauti ndogo kwamba shangazi wa mumewe alimwambia maneno hayo hayo, naye alikuwa hayaamini. Sasa ameyasikia kutoka nyumba ambayo mtoto amepona. Atakwenda kuwasubiri wakwe wakae, mume wake anarudi mwisho wa juma. Akaelekea mlango wa ua.

"Hadassa, rudi," Christiane alisema.

Alikuwa amesimama. Hakumtazama Mathilde wala mume.

"Hakuna dereva. Minye nilimutunga. Mutoto alikuwa anakufa mule chumbani, na njia ya kumutoa ilikuwa ni kusema. Nikasema. Ukienda kungojea mwisho wa juma, utamuzika."

Mtoto mmoja ndani ya mizani alilia, na hakuna aliyemtoa.

Mathilde aligeuka polepole. Hakumwangalia Christiane. Alimwangalia mwanawe, akamwambia mbele ya wote kwamba mwanamke anayeweza kusema hivi leo na vile jana hana neno, na kwamba ni yeye, bwana wa nyumba, wa kuwaambia watu hawa lipi ni kweli.

Floribert alikuwa bado ameshika mdomo wa gunia. Hakuwa na ushahidi wowote. Alitafuta ndani yake kitu cha kushika, akamkuta yule dereva, ambaye alikuwa ameishi naye siku zote hizo, amemtengenezea uso, kofia, hata kicheko. Akashtuka kuona yote ni kazi ya mikono yake. Christiane alimpa maneno machache tu. Mengine yote alijaza yeye. Na pale mlangoni Hadassa alikuwa amesimama, fundo la kitenge mkononi, akimsubiri kama watu wanavyosubiri bei.

"Bibi yangu hana kosa," alisema. Sauti ilitoka mbaya, akairudia. "Hana kosa. Mutoto alikuwa na njaa. Samaki nilikulaka minye."

Barnabé, ambaye hakuwahi kukosa neno la kuchekesha, alikohoa, akatazama baiskeli yake.

Hadassa alifungua fundo. Alirudi, akakaa mwisho wa benchi, akamtoa mtoto mgongoni. Mama Rosalie alipiga magoti mbele yake, akashika ule mguu mdogo. Mathilde alibaki amesimama katikati ya baraza mpaka mwanamke mmoja akamsogezea kiti. Akakitazama kiti kile kana kwamba hajui kinatumika vipi.

Floribert alimfuata mkewe nje. Christiane alikwenda upesi, Dan kifuani, Chérie amembeba mkono mmoja. Alimfikia karibu na njia ya reli. Alijaribu kumwambia kwamba amesema mbele ya watu wote, kwamba kesho atasema tena kanisani ikibidi.

"Nilisikia," Christiane alisema bila kusimama.

Waliendelea kidogo.

"Siku ile nilikuuliza kama weye unafikiri kuko kitu," alisema. "Haiko mama yako njo nilikuwa namungojea. Kama ungejibu hapana, tungemutoa mutoto palepale, sisi wawili. Ni kisha jibu yako njo niliingia kupiga magoti."

Floribert alisimama. Kwa majuma yote yale alidhani aliyesemewa uongo ni yeye, na aliyeusababisha ni mama yake. Haikuwahi kumpitia kwamba kulikuwa na dakika moja, nyuma ya nyumba, karibu na beseni la nepi, ambapo mambo yote yalikuwa mkononi mwake, na yeye akasema hajui. Alitafuta neno katika Kiswahili, katika Kifaransa, katika lugha ya baba yake.

Christiane alikuwa amesimama mbele kidogo, akimngoja, uso umeelekea nyumbani.

"Mubebe mutoto," alisema. "Mukono inachoka."

Floribert akampokea Chérie. Christiane akamfunga Dan vizuri zaidi, akatangulia, na hakugeuka nyuma kuona kama anafuatwa.